Nyinyi Mnakatazwa Nini?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka naulizwa swali lile lile na wadogo zangu na marafiki wa wadogo zangu. Kaka, nisome biashara wapi? Mlimani, IFM, Mzumbe, au hivi vyuo vya Kanisa? Na hivyo vya Kanisa vina tofauti gani, ukiacha sala ya asubuhi na ada?

Swali zuri. Mimi mwenyewe nimesoma kwenye chuo cha Kanisa huko bara, na sasa naandika habari za uchumi nikiwa hapa Unguja. Kwa hiyo nina la kusema, ila jibu langu ni refu kidogo. Vuta kiti.

Nianze na swali jingine, la jirani yangu. Yeye ni mhasibu, Muislamu, mzaliwa wa Ng'ambo, na tukikutana barazani hatukosi la kubishania. Siku hiyo tulikuwa tunabishana kuhusu mabenki. Akaniambia: "Bwana, sisi tumekatazwa riba. Kila mtoto aliyepita chuo cha Kurani analijua hilo. Nyinyi kwenye biashara mnakatazwa nini?"

Nikamtajia uaminifu, haki, upendo kwa jirani, uwakili mwema. Akacheka. "Hayo hata benki isiyo na dini huyaandika ukutani. Mimi nakuuliza mnakatazwa nini."

Tangu siku ile nimekuwa nikiamini kwamba hilo ndilo swali la kumuuliza mtu yeyote anayesema anafundisha biashara na uongozi kwa mtazamo wa Kikristo. Mtu anaweza kukuorodheshea maadili mpaka jioni. Lakini kama hakuna faida hata moja ambayo imani yako inakuambia uiache mezani, basi imani hiyo haijaingia kwenye biashara yako. Imekaa mlangoni tu, kama kalenda ya Kwaresima.

Vyuo tunavyo vingi. Mtakatifu Augustino kule Mwanza kilianza mwaka 1960 pale Nyegezi kama taasisi ya mafunzo ya jamii, kikawa chuo kikuu mwaka 1998. Walutheri wana Chuo Kikuu cha Iringa. Waanglikana wana Mtakatifu Yohana, Dodoma, tangu 2007. Ukivuka mpaka kuna Strathmore na Daystar Nairobi, na Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda pale Mukono, kilichoanza 1997. Karibu vyote vinafundisha biashara, na vingine vimejengea jina lake hapo hapo. Hata wasio Wakristo wanasoma huko, na wanafanya vizuri tu.

Sasa ndani ya darasa kuna nini? Nilikosoma mimi, sitakitaja chuo, tulikuwa na kozi moja ya maadili, muhula mmoja, saa mbili kwa wiki, mara nyingi Ijumaa mchana watu wameshachoka. Kozi nyingine zote zilitumia vitabu vile vile vinavyotumika Mlimani. Hilo si baya, mizania ni mizania, haina dhehebu. Lakini mwalimu wa fedha hakuwahi kugusa alichosema mwalimu wa maadili, na mwalimu wa maadili hakuwahi kufungua hesabu za kampuni yoyote. Tuliimba kwaya moja, tukasoma masomo mawili yasiyojuana.

Kwenye uongozi ilikuwa vivyo hivyo. Tulifundishwa "uongozi wa utumishi". Tulidhani msemo huo umetoka moja kwa moja kwenye Injili, kumbe kwa namna unavyotumika madarasani umetokana na Robert Greenleaf, Mmarekani aliyefanya kazi miaka mingi katika kampuni ya simu ya AT&T na akaandika makala yake mwaka 1970. Si vibaya kujifunza kwa Greenleaf. Tatizo ni kwamba siku hizi kila kiongozi ni mtumishi. Anayepita na ving'ora barabarani ni mtumishi, na anayewatimua wamachinga naye ni mtumishi.

Turudi kwenye riba, maana jirani yangu alidhani sisi hatuna letu. Tulikuwa nalo, tena hilo hilo. Torati ilikataza kumtoza riba ndugu maskini: soma Kutoka 22, Walawi 25, Kumbukumbu la Torati 23. Mtaguso wa Nisea mwaka 325 uliamuru kwamba kasisi anayekopesha kwa riba avuliwe cheo. Mtaguso wa Tatu wa Laterano mwaka 1179 ulikwenda mbali zaidi: mla riba anayejulikana asipewe komunyo, na akifa bila kutubu asizikwe Kikristo. Hebu fikiria hilo likitangazwa Jumapili hii kwenye parokia yenu.

Baadaye, karne kwa karne, Wakristo wa Ulaya wakalegeza. Zilikuwapo sababu za maana. Mkopo wa kumlisha mwenye njaa si sawa na mkopo wa kununulia meli, na pesa ya leo si sawa na pesa ya mwaka kesho. Mimi sina ugomvi na riba ya kiasi. Ugomvi wangu ni kwamba tulipoondoa katazo hatukuweka lingine mahali pake. Hakuna aliyetuambia: basi riba ya kiasi ruksa, lakini ya kumkaba mjane mpaka auze kitanda, hapana. Leo kijana Mkristo anayefanya kazi kwenye taasisi ya mikopo midogo, ile ambayo mtaani tunaiita kausha damu, hana andiko la mwalimu wake la kumwambia hapo simama.

Wenzetu wamebaki na mstari wao. Benki ya Watu wa Zanzibar ilifungua huduma za Kiislamu mwaka 2011, na mwaka huo huo Amana ikaanza kazi Dar es Salaam ikiwa benki ya kwanza nchini kufuata sharia katika kila kitu. Usidhani kila Muislamu ameridhika. Jirani yangu mwenyewe anasema bidhaa nyingine ni riba iliyovishwa kanzu. Lakini angalia: anaweza kulalamika hivyo kwa sababu lipo katazo analolipimia. Mimi benki ya Kanisa ikinikopesha nitaipimia nini?

Na sisi tunaoishi Unguja tuna sababu ya pekee ya kuuliza haya, maana Ukristo wa Kianglikana ulifika hapa kwa kauli iliyounganisha mambo hayo mawili. Tarehe 4 Desemba 1857 David Livingstone alihutubia pale Cambridge akasema anarudi Afrika kufungua njia ya biashara na Ukristo. Vijana wa vyuo vikuu wakawaka moto, ikaundwa misheni ya UMCA. Askofu wao wa kwanza, Mackenzie, alikufa mwaka 1862 kwenye mto Shire kule Malawi ya leo. Aliyemfuata, Tozer, akaihamishia misheni Zanzibar mwaka 1864, akifuatana na Edward Steere. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash akatia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, na Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa pale Mkunazini, juu ya uwanja wa soko lenyewe.

Kwa hiyo kanisa lile tunalopita kila siku tukienda Darajani ni tunda la hotuba kuhusu biashara na Ukristo. Kama kuna mahali Afrika Mashariki panapostahili kufundishiwa somo hili, ni pale. Na somo lenyewe si la kujisifu.

Wazo la Livingstone na wenzake lilikuwa rahisi. Leteni biashara halali, na biashara ya watu itakufa yenyewe. Lakini Unguja ilikuwa tayari inalikanusha wazo hilo. Karafuu ni bidhaa halali, hakuna dini iliyoikataza. Ni karafuu hiyo hiyo iliyoleta watumwa kwa maelfu kwenye mashamba ya Unguja na Pemba, kwa sababu mikarafuu inataka mikono ya kupalilia na kuchuma. Pembe za ndovu nazo zilikuwa halali. Waliozibeba kutoka bara wengi hawakuwa na uhuru wa kukataa mzigo. Biashara halali haikuiua ile haramu. Iliilisha.

Nadhani hilo ndilo fundisho la kwanza ambalo kozi ya Kikristo ya biashara ingepaswa kulitoa: uhalali wa bidhaa haukuambii lolote kuhusu jinsi ilivyopatikana. Soko linakuonyesha bei. Aliyelipa gharama yake halikuonyeshi.

Ukitaka mfano wa Wakristo wema kabisa, waangalie Cadbury wa Uingereza, wale wa chokoleti. Walikuwa Wakweka, watu wa sala, waliwajengea wafanyakazi wao kijiji kizuri pale Bournville. Mwaka 1901 wakasikia kwamba kakao wanayoinunua kutoka kisiwa cha São Tomé inalimwa na watu waliochukuliwa kwa nguvu Angola. Hawakupuuza. Walituma mtu kuchunguza, walizungumza na serikali, waliandika barua nyingi. Wakati huo wote waliendelea kununua. Walisimamisha mwaka 1909. Gazeti moja la London lilipowaandika waliliburuza mahakamani, na mwishoni mwa mwaka huo wakashinda. Baraza la wazee wa mahakama likawapa fidia ya farthing moja, sarafu ndogo kuliko zote za Kiingereza wakati huo. Ushindi wa robo senti. Miaka minane ya kununua huku unajua ina bei yake.

Mimi siwaiti Cadbury wanafiki. Nadhani walikuwa na maadili mengi na wakakosa katazo. Kama kwenye meza yao ya bodi pangekuwa na mstari mmoja unaosema hatununui mazao ya mtumwa hata kwa siku moja, wasingehitaji miaka minane ya barua.

Na usidhani katazo la namna hiyo haliwezekani kwa mtu mwenye madaraka. Mwaka 1919 gavana wa Kenya, Northey, alitoa waraka wa kuwataka maofisa wake "wawahimize" Waafrika kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Kila mtu alijua kuhimizwa huko maana yake nini. Maaskofu Waanglikana wa Mombasa na Uganda waliupinga waraka kwa sehemu, lakini wakakubali kwamba kazi ya kulazimishwa inaweza kuruhusiwa kwa masharti. Askofu wa Zanzibar, Frank Weston, aliyekaa hapa hapa Mkunazini, alikataa katakata. Kwake hakukuwa na masharti ya kuifanya kazi ya kulazimishwa iwe njema. Mwaka 1920 akachapisha kijitabu cha kuishambulia serikali yake mwenyewe, chenye jina linalowaita Waafrika manamba wa Uingereza. Dini moja, dhehebu moja, Biblia moja. Wawili walitafuta masharti, mmoja alikuwa na katazo. Leo tukisoma, tunajua nani alikuwa kiongozi.

Lakini huyu Weston hatumfundishi kwenye kozi za uongozi. Tunamfundisha mtu wa kampuni ya simu.

Mfano mwingine wa katazo hauko kanisani kabisa, na kwa sisi Watanzania ndio unaouma zaidi. Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha, na tarehe 5 Februari Azimio likatangazwa. Sehemu yake moja ilikuwa masharti ya uongozi. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya binafsi. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kusali, lakini hakuweka aya ya Biblia hata moja humo, kwa sababu nchi ni ya watu wote. Alichoweka ni orodha ambayo mtu wa dini yoyote angeweza kuisoma na kujua kama ameivunja au hajaivunja.

Orodha hiyo ilikuja kulegezwa wapi? Hapa hapa. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar, na viongozi wakaruhusiwa kuwa na hisa, ukurugenzi, mshahara wa pili na nyumba za kupangisha. Ndiyo maana wazee wanaliita Azimio la Zanzibar. Mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo pamoja na mengine inamtaka kiongozi atangaze mali zake. Angalia tofauti: kutoka usiwe nayo, tukaenda kwenye tuambie unayo.

Sisemi turudi 1967. Maduka matupu wazazi wetu wanayakumbuka, na orodha ile iliwabana hata waliotaka kujenga vijumba viwili vya kuwasaidia uzeeni. Ninachosema ni kile kile nilichosema kuhusu riba. Ukiondoa katazo, weka lingine lenye akili zaidi mahali pake. Usiache shimo halafu uliite uhuru.

Kwenye shimo hilo Kanisa nalo limewahi kutumbukia. Novemba 2014 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali iliwasilisha ripoti yake kuhusu Akaunti ya Tegeta Escrow, ambamo zaidi ya shilingi bilioni 300 zilikuwa zimetoka Benki Kuu. Sehemu ya fedha hizo iligawanywa kwa watu mbalimbali kupitia Benki ya Mkombozi, benki iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 2009. Kwenye orodha ya waliopokea walikuwamo viongozi wa dini, maaskofu wakiwamo. Utetezi uliosikika ulikuwa kwamba fedha hizo zilikuwa msaada kutoka kwa mtu wanayemfahamu, na mimi siko hapa kumhukumu mtu. Nasema tu tazama picha nzima. Benki ya Kanisa, mtoaji mwenye imani, mpokeaji mwenye daraja takatifu, na katikati yao hakuna sheria hata moja iliyofahamika kwa waumini inayosema zawadi ya kiasi hiki kutoka kwa mfanyabiashara haipokelewi mpaka ijulikane imetoka wapi. Torati ilikuwa nayo. Kumbukumbu la Torati 23 inataja mapato ambayo hayaruhusiwi kuletwa nyumbani mwa Bwana hata kama ni ya nadhiri. Yaani wachungaji wa mbuzi miaka elfu mbili na zaidi iliyopita walikuwa na utaratibu wa kukagua sadaka, sisi wenye wakaguzi wa hesabu hatuna.

Haya, tumelaumu vya kutosha. Sasa hayo masomo yafananeje?

Kwanza, yaanze na makatazo ambayo tayari yameandikwa, tena si ya kutafuta kwa tochi. Walawi 19: ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Sura hiyo hiyo: mizani na vipimo viwe vya haki. Yakobo 5: mshahara uliozuiwa unapiga kelele. Amosi 8: wanaopunguza kipimo, kupandisha bei na kumnunua maskini kwa fedha. Huyo Amosi ukimsoma ukiwa Mkunazini utadhani alikuwa amesimama pale pale. Hakuna haja ya kuhubiri. Mwalimu achukue katazo moja, aweke hesabu za kampuni mezani, awaulize wanafunzi: humu limevunjwa wapi, na tukilitii litagharimu shilingi ngapi?

Chukua hilo la ujira tu, ulilete Unguja. Nenda Nungwi au Kiwengwa, uliza hoteli ngapi zinaendeshwa kwa vijana walio fildi, miezi mitatu mitatu, wakifanya kazi kamili kwa chakula na nauli, wakiondoka wanaletwa wengine. Kwenye vitabu vya hoteli hiyo ni akiba ya gharama. Kwenye Walawi ina jina jingine. Nenda Paje na Jambiani kwa kina mama wa mwani, wanaoingia baharini maji yakitoka na kuuza mwani mkavu kwa bei wasiyoipanga, mwani ambao mwisho wake ni dawa ya meno na vyakula vya viwandani ng'ambo. Mwanafunzi wa biashara afuatilie kilo moja ya mwani kutoka pwani mpaka dukani Ulaya, aandike kila mkono ulipata kiasi gani. Hiyo ni tasnifu tosha ya shahada, na ni theolojia pia.

Hata kwenye taaluma yangu. Mwandishi wa kujitegemea analipwa kwa habari iliyotoka, na malipo yenyewe yanaweza kukaa miezi. Halafu tunashangaa kwamba kwenye semina bahasha inapokelewa, tena tumeipa jina la heshima, nauli. Anayezuia ujira na anayetoa bahasha wanafanya kazi pamoja bila kujuana. Mhariri aliyesoma uongozi wa Kikristo ningependa aanze hapo, kwenye vocha za malipo, kabla ya kutufungulia kikao kwa sala.

Pili, masomo yawe na watu wa kwetu. Weston asomwe. Masharti ya uongozi ya 1967 yasomwe pamoja na ya 1991, yapingwe na yatetewe. Ripoti ya Escrow isomwe kwenye vyuo vya Kanisa kabla ya vingine vyote, kwa sababu ni yetu. Na isisahaulike amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa hapa Zanzibar: waliopewa fidia walikuwa mabwana. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake. Darasa la fedha lipewe hesabu hiyo, ijadiliwe wiki nzima.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: ukijifunga makatazo, asiyejifunga atakushinda sokoni. Mara nyingine ni kweli, na mimi simdanganyi mtu kwamba Mungu humlipa kila mwaminifu kwa faida maradufu. Hao wanaohubiri hivyo wamegeuza mfano wa talanta kuwa tangazo la upatu. Kuacha faida kunaweza kukufanya uwe maskini kuliko jirani yako. Kama haiwezi kukugharimu, basi hujakatazwa kitu.

La pili: chuo kikuu si kanisa, mwanafunzi aachwe afikiri. Nakubali kabisa. Lakini kufikiri kunahitaji kitu kigumu cha kusukumana nacho. Mwanafunzi anayeambiwa "uwe mwaminifu" hana la kubishania. Anayeambiwa "usilaze ujira wa kibarua" atauliza papo hapo: na kama mteja hajanilipa? Na kama ni mkataba wa mwezi? Na kama benki imefungwa? Hapo ndipo somo limeanza.

La tatu nalisikia hapa visiwani: Wakristo wenyewe wachache, mambo haya ya nini? Ni kwa uchache wetu ndiyo naona yanafaa. Huku bara Mkristo anaweza kuishi maisha yake yote bila mtu kumuuliza imani yake inasema nini kuhusu duka lake. Unguja utaulizwa, tena na mtu mwenye jibu lake mkononi. Ni vizuri kuulizwa.

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia kuuliza usome wapi, jibu langu ni hili. Sijali kama chuo kina kanisa katikati ya kampasi au hakina. Siku ya kwenda kuchukua fomu, mtafute mwalimu mmoja wa fedha au wa utawala, umsalimie kwa adabu, umwulize: ni faida gani ambayo kozi hii itanifundisha kuikataa? Akikujibu kwa mfano na kwa takwimu, lipa ada. Akikuambia chuo kinalea vijana katika maadili mema, shukuru, chukua kipeperushi, uende chuo cha pili. Maswali ya namna hiyo yakirudiwa na waombaji mia tatu kwa mwaka, nawahakikishia mtaala utabadilika haraka kuliko kwa waraka wowote wa maaskofu.

Na ninyi mliokwisha hitimu, mlioko mabenki, mahotelini, TRA na kwenye hizo kampuni za mikopo, nataka kusikia kutoka kwenu. Mnakatazwa nini?